Mlango wa Mzee Redio

Nimeolewa na mtu anayeweza kufungua mlango wowote mtaani kwetu, lakini nyumbani kwake mwenyewe hugonga. Hata jikoni hugonga. Nikimwuliza anamgongea nani na mlango uko wazi, hujibu kwamba mimi nimo ndani, na hiyo inatosha. Ni fundi vitasa, na watu wamemzoea kwa jina la Kitasa. Wengi nadhani hata hawajui jina alilopewa na mama yake.

Ana kanuni moja iliyomfanya achekwe na kutukanwa na kila aina ya watu. Hafungui mlango mpaka mwenye nyumba awepo, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na jirani mmoja awe pembeni kama shahidi. Siku moja mama mmoja alijifungia nje, maharage yako jikoni yanachemka, na mume wangu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akisubiri jirani atoke kuoga. Maharage yaliungua yote. Yule mama alimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, naye akayasikiliza hadi mwisho, akafungua, akaondoka. Mimi pia nilimgombeza jioni ile. Akanijibu, "Siku nitakayozoea kuingia kwa watu bila ruhusa, nifungieni mimi."

Kile kitita chake cha funguo malaya, zile zinazofungua kitasa chochote, nacho tulikigombania. Nilimwambia katika nyumba hii malaya hawalali ndani, akawaning'inize karakanani. Karakana ni chumba chetu cha mbele, kwa hiyo hawakwenda mbali. Nayasema haya ili mjue ni mtu wa namna gani, maana baadaye watu walimsifu kwa jambo ambalo yeye mpaka leo hataki kulisikia.

Nyuma ya shule, mwisho wa kichochoro, aliishi mzee tuliyemwita Mzee Redio. Alikuwa mwashi enzi zake. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, mkewe akimpokeza matofali huku ana mimba ya mtoto wa kwanza. Mkewe alipofariki, mzee aliwasha redio asubuhi ya siku ya pili baada ya mazishi, na tangu hapo haikuzimwa ila wakati wa kulala. Alisema nyumba ikinyamaza inamsema. Ukienda kumgongea, kwanza ungesikia redio ikishuka sauti, kisha kandambili zikija zikiburuzwa sakafuni, kisha ungeulizwa wewe ni nani. Kila mtu aliujua utaratibu huo, na kila mtu aliungoja.

Mwanawe mkubwa ni meneja wa ghala, ana nyumba nzuri ng'ambo ya pili ya mji. Si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Alimpenda baba yake, ila alimpenda kama mtu anavyopenda mzigo unaoweza kuvunjika. Alimtayarishia chumba, akaja na gari la mizigo siku moja bila kusema, akiwa na wapagazi. Kitanda cha mzee kilikuwa kimeshapakiwa mzee alipokaa kizingitini, akakataa kuinuka. Hakupiga kelele. Alikaa tu, akawaangalia wakipita juu ya miguu yake wamebeba meza, na mwishowe wapagazi wenyewe wakaona aibu, wakaanza kushusha. Mwana aliondoka akisema atarudi siku mzee atakapoonyesha dalili moja tu, moja, ya kwamba hawezi tena kujitunza.

Kesho yake mzee alikuja karakanani kwetu. Alitaka kitasa ambacho hakuna wa kukifungua ila yeye. Mume wangu alimfungia kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo, kile ambacho mlango ukijipiga kinajifunga chenyewe, maana mzee alikiri kwamba wakati mwingine husahau kuzungusha ufunguo. "Hiki hata mimi sikifungui," Kitasa alimwambia akijisifu kidogo. "Labda nikivunje."

Mzee alipokea funguo zote, akazitia mfukoni, kisha akasema, "Sasa niapie. Mwanangu akija kukuita, humfungulii."

"Na ukiugua, mzee?"

"Nikiugua nitapona, au nitakufa. Nikifa, harufu itawaambia."

Mume wangu alicheka. Akamtazama mzee, akaona mwenzake hacheki. Mzee akaendelea, "Watakuja na hilohilo, fundi. Watakwambia anakufa, fungua. Nataka uniapie kwa siku hiyo, si kwa siku nyingine." Basi Kitasa akaapa. Aliporudi nyumbani aliniambia, kisha tukazungumza mambo mengine, kama watu wanavyofanya.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Kitasa alitoka asubuhi kwenda shuleni kutengeneza mlango wa ofisi, akaiacha simu yake karakanani ikichaji, kama ilivyo ada yake. Mimi nilikuwa uani naanika nguo nilipomwona Mzee Redio akija kwa njia ya nyuma, ile ya kupita kati ya kuta, ambayo watu wazima hawaitumii. Amevaa fulana ya ndani, suruali iliyokunjwa, na kandambili. Nilidhani ameibiwa.

"Fundi yupo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia katoka, lakini hatachelewa. Nikamtafutia shati la mume wangu, nikamketisha sebuleni, nikamtilia chai. Alikataa kukaa karibu na dirisha. Ndipo akaniambia yaliyompata. Alitoka kumwaga maji ya kuoshea vyombo, upepo ukaupiga mlango nyuma yake, kitasa kikajifunga, na ufunguo uko juu ya meza. Redio inaendelea kuimba peke yake ndani.

"Si umwambie jirani yako akusaidie?" nikamwuliza.

"Jirani yangu ana namba ya mwanangu," alisema. "Nikimwambia nimejifungia nje, jioni hii gari la mizigo liko mlangoni. Binti yangu, nakuomba usimwambie mtu. Fundi akirudi tutakwenda naye polepole kwa huku nyuma, anifungulie, yaishe."

Nikamwahidi. Nilimtania kidogo, nikamwambia shati la mume wangu limemfanya kijana, karibu nimkimbie mwenye nalo. Akatabasamu, akanywa chai. Simu ya Kitasa ililia mara moja kule karakanani. Nikaenda kuiangalia, nikakuta imekatika, namba siijui. Nikarudi kukaa na mgeni wangu.

Jirani yule wa mzee ni mfagizi wa shule. Kila asubuhi akienda kazini humpitishia mzee mkate. Asubuhi hiyo aligonga, redio haikushuka. Akagonga tena, kandambili hazikuja. Akazunguka dirishani, pazia limefungwa. Akaita mpaka koo likamkauka. Kisha akampigia simu mwana wa mzee, ambaye alimjibu kwa kilio, akampigia na mume wangu bila kupokelewa, akaenda shuleni mbio, na hapo ndipo alipomkuta Kitasa amepiga magoti mbele ya mlango wa ofisi, bisibisi mdomoni.

Yaliyofuata nimeyapata kwa wote wawili, na hawatofautiani.

Kitasa alifika mlangoni kwa mzee, akagonga. Redio iliimba vilevile. Akaweka sikio kwenye mbao. Akaita, "Mzee, ni mimi Kitasa." Hakuna kitu. Akakagua dirisha, nondo ni zile mzee alizozichomeka mwenyewe, hazina mchezo. Mfagizi alikuwa analia kwa sauti ya chini akisema, "Fundi, fungua, fundi, fungua," bila kupumzika. Majirani wakajaa. Wakati huo wote, mzee alikuwa sebuleni kwangu, ananieleza jinsi mkewe alivyokuwa akimkosoa mstari wa matofali usiponyooka.

Kisha mwana akaja. Aliliacha gari katikati ya kichochoro, mlango wazi, akaja anakimbia na tai shingoni. Hakuamrisha. Alimshika mume wangu mikono yote miwili. "Fundi, baba yangu yuko ndani. Nakuomba."

"Aliniapisha nisifungue," Kitasa alisema.

"Akiwa mzima!"

"Aliniapisha kwa siku kama hii."

Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema huyu fundi ana roho ya chuma kama vitasa vyake. Mwana alipiga bega mlangoni, akapiga tena, na mlango ule, kazi ya mume wangu, haukutikisika hata kidogo. Akajishika bega, akaketi chini na suti yake palepale kizingitini ambapo baba yake alikaa siku ile ya wapagazi. Mume wangu aliniambia hapo ndipo alipoanza kulegea. Alikuwa amejiandaa kumkatalia mtu mkorofi. Mtu anayelia hakuwa amejiandaa naye.

Mtu akiwa njia panda hutafuta ishara. Kitasa aliinamia tundu la ufunguo, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mzee, sikiliza. Kama uko hai na hutaki nifungue, zima redio. Zima tu. Nitasimama hapa mimi mwenyewe, na hapiti mtu."

Wote wakanyamaza, hata mfagizi. Redio iliendelea na wimbo wake. Wimbo ukafika mwisho, na redio ikanyamaza.

Mume wangu anasema hajawahi kufurahi vile maishani mwake. Aliinuka, akafungua mdomo awaambie watu waende zao. Na kabla hajatamka, mtangazaji akakohoa kidogo kule ndani, akaanza kusoma matangazo ya vifo.

Akachukua drili, akavunja kitasa.

Ilimchukua muda, kwa sababu alikifunga vizuri. Mlango ulipoachia, mwana aliingia wa kwanza akiita, "Baba, baba." Waliingia chumbani, jikoni, bafuni. Kitanda kimetandikwa. Vyombo vimeoshwa na kuinamishwa. Ufunguo uko juu ya meza, karibu na redio.

Mwana aliutazama ufunguo ule, akaelewa upesi kuliko wote. Uso wake ulionyesha kwanza shukrani kwa Mungu, wazi kabisa. Halafu ukakaza. "Amejifungia nje," alisema. "Na sasa yuko barabarani, hajulikani alipo, na fulana ya ndani labda. Mnaona wenyewe. Mnaona?" Watu wakatikisa vichwa, wakaona. Akamgeukia mume wangu. "Fundi, weka kitasa kipya. Funguo utanipa mimi."

"Sifungi kitasa kwa mtu asiye mwenye nyumba," Kitasa alisema.

Mwana hakukasirika. "Sawa. Basi mimi nakaa hapa mpaka baba apatikane, kwa sababu nyumba haiwezi kuachwa wazi." Akavuta kiti, akakiweka mlangoni, akaketi. Kitasa akasema anakwenda kumtafuta mzee. Alitaka kwanza apite nyumbani achukue simu.

Sisi tulimsikia akigonga. Mzee aliinuka haraka, chai ikamwagika kidogo kwenye kisahani. Mlango ulipofunguka, mume wangu alimwona, akashika mwimo wa mlango kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.

"Umekawia, mwanangu," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na furaha. "Nimejifungia nje kama mtoto mdogo. Twende ukanifungulie kabla hawajajua."

Kitasa aliufunga mlango nyuma yake taratibu. Nilikuwa sijui lolote, lakini mke husoma mgongo wa mumewe, na uso pia, nikajua kuna jambo kubwa.

"Mlango uko wazi, mzee," alisema hatimaye.

"Nani kaufungua?"

"Mimi."

Mzee aliketi tena. Alikaa akiangalia kikombe. "Yuko huko?"

"Yuko mlangoni."

"Ulidhani nimekufa?"

"Nilidhani unakufa. Nilikuita, mzee. Nilikwambia uzime redio."

"Siku hiyo ndiyo niliyokuapishia," mzee alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mwashi anayemwonyesha kibarua mahali tofali lilipokaa vibaya. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa na mtu wa kuapiwa sebuleni, na mtu aliyeapa mlangoni kwake, na mimi katikati nimeshika birika, nimetunza siri barabara. Kama ningekuwa mmbeya kama wenzangu, angalau kwa siku moja, yote haya yasingetokea.

Mzee aliinuka, akanishukuru kwa chai, akatangulia, nasi nyuma yake. Safari hii alipita njia ya mbele, katikati ya watu wote.

Mwana alimwona akija, akaruka kutoka kitini, akamkumbatia kwa nguvu mpaka kandambili moja ikamtoka. Alilia kama mtoto, na kilio kile hakikuwa cha uongo. Kisha akajifuta, akasogeza kiti kando, akasema, "Karibu, baba. Karibu ndani."

Mzee alikiangalia kizingiti. Akavaa kandambili yake. Akajifuta miguu, kwanza mmoja kisha mwingine, kama mgeni anavyofanya kwa watu, ndipo akaingia. Nilijua pale pale kwamba mambo yamekwisha, na yeye alijua. Mwana alieleza kwa upole, akihesabu vidole: redio imeachwa inaimba, ufunguo mezani, mlango umevunjwa, na wewe hujulikani ulipo, ningefanyaje, baba? Gari la mizigo lilikuja, na safari hii hakukaa kizingitini. Redio aliibeba mwenyewe mapajani.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mtaa mzima ulimsifu mume wangu. Fundi mwenye utu, walisema, aliyevunja kiapo kuokoa maisha. Hata yule mama wa maharage alikuja na bakuli la matunda. Mwana wa mzee alimtangaza huko ghalani, na kazi zikamiminika kiasi kwamba karakana haikutosha. Kwa miaka yote aliyoshika kanuni yake walimcheka, na siku alipoivunja, tena bure bilashi, wakampa kiti cha heshima. Yeye alikitundika kile kitasa kilichotobolewa juu ya meza yake ya kazi, na mteja akitaka cha aina ile humwambia vimekwisha.

Tulikwenda kumtembelea mzee. Chumba chake ni kizuri, siwezi kusema uongo. Kina dirisha kubwa, kitanda cha maana, shuka safi. Lakini mlango hauna kitasa wala komeo. Mwana aliving'oa ili baba akianguka waweze kuingia mara moja. Wajukuu huingia na kutoka mbio na mipira yao. Mkwewe huingia akipita, hupunguza redio, wakati mwingine huizima, akidhani mzee amelala. Yote kwa wema. Mzee, akikutwa anavaa, huvuta suruali haraka, hutabasamu.

"Nina kitanda, nina dirisha, nina chakula," alimwambia mume wangu siku hiyo. "Mlango sina."

Kitasa akaenda kwa mwenye nyumba, kama kanuni yake isemavyo, akamwomba ruhusa ya kumfungia mzee komeo dogo kwa ndani. Mwana akamshika bega, akasema kwa upole uleule, "Fundi, wewe kuliko wote unajua kwa nini siwezi." Tukaaga, tukarudi.

Safari iliyofuata aliniambia nichukue mkoba wangu mkubwa. Sikuuliza. Mwana alikuwa kazini, mkwewe sokoni. Mume wangu alitoa mkobani bisibisi na komeo dogo la shaba lililofungwa kwenye kitambaa, akapiga magoti mbele ya mlango wa mzee. Nilisimama kando nikimwangalia. Ulikuwa mlango wa pili maishani mwake kuugusa bila ruhusa ya mwenye nyumba. Mzee akianguka humo siku moja, lawama ni yetu sisi wawili, na tunalijua hilo. Tumelijadili, tumelilalia, bado tunalijua.

"Na kanuni yako?" nilimnong'oneza.

"Mwenye chumba yupo," alisema bila kugeuka. "Shahidi ni wewe."

Alipomaliza tulitoka nje ya chumba, mlango ukasukumwa nyuma yetu. Tukalisikia komeo likiingia mahali pake. Redio ilikuwa ikiimba. Mume wangu alisubiri kidogo, kisha akagonga.

Redio ikashuka. Kandambili zikaja zikiburuzwa, bila haraka.

"Nani?" mzee akauliza.

Kitasa alifungua mdomo, akashindwa kujibu. Nikamjibia mimi.